Saa ya mkononi ikisema umechoma kalori 900, tuiamini kiasi gani?

Saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo zimefika minadani. Zamani ungeziona kwa wanariadha na watalii. Leo zimepangwa kwenye turubai pembeni ya mitumba, chaja za simu na tochi. Unaivaa, unaiunganisha na simu kwa Bluetooth, na jioni inakupa hesabu ya siku nzima: hatua ulizotembea, mapigo ya moyo, muda uliolala na kalori ulizochoma.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayotuletea maswali kwenye kipindi cha asubuhi. Mama mmoja alituandikia hivi: "Mwanangu, nimepalilia kwa saa mbili, na hii saa ya mkononi imeniambia nimechoma kalori 900. Hizo ni nyingi au chache? Na je, nibadilishe chakula cha jioni?" Kijana wa bodaboda alisema saa yake inamhesabia hatua akiwa amekaa kwenye pikipiki. Na mzee mmoja mwenye kisukari akauliza swali zito kuliko yote: siku ambayo saa inaonyesha amechoma kalori nyingi, anaweza kupunguza dawa?

Tuanze na la mzee, maana halitaki kungoja. Jibu ni hapana. Dawa haipunguzwi wala kuongezwa kwa sababu ya namba iliyo kwenye saa. Makala haya yanaeleza kwa nini, na pia yanaeleza saa hiyo inafaa kwa kazi gani.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nishati, kama vile lita ni kipimo cha maji. Kalori moja ya chakula, ambayo wataalamu huiita kilokalori, ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Gramu moja ya wanga au protini ina takriban kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina takriban 9. Unga wa mahindi gramu 100 una takriban kalori 360, kwa hiyo ugali uliosongwa kwa gramu 200 za unga una zaidi ya kalori 700, kabla hujaweka mboga.

Mwili unatumia nishati hata ukiwa umelala. Moyo unapiga, mapafu yanavuta hewa, ubongo unafanya kazi, joto la mwili linatunzwa. Kwa makadirio ya kawaida, mtu mzima aliyepumzika hutumia karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa saa moja. Mtu wa kilo 60 anafikisha karibu 1,400 kwa siku bila kushika jembe.

Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia. Saa nyingi zina namba mbili: kalori zote za siku, na kalori za shughuli peke yake. Ukiamka asubuhi ukakuta saa inasema umeshatumia kalori 400, haijaharibika. Imehesabu za usingizini. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba yako na ya jirani, hakikisheni mnasoma namba ya aina moja.

Saa inapataje hiyo namba?

Geuza saa yako uangalie upande unaogusa ngozi. Utaona vitaa vya kijani vinavyomulika. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Kila moyo unapopiga, damu inaongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono, na mwanga unaorudi kwenye saa unapungua kidogo. Saa inahesabu kupanda na kushuka huko, na hayo ndiyo mapigo yako.

Wapo wanaotumia mkanda wa kifuani. Huo hausomi mwanga. Unasoma umeme mdogo unaotolewa na moyo wenyewe, kwa kanuni ileile ya kipimo cha moyo cha hospitali kinachobandikwa kifuani. Kwa kuhesabu mapigo wakati wa kazi nzito, mkanda kwa kawaida hukosea mara chache kuliko saa.

Zingatia neno hilo, msikilizaji: kuhesabu mapigo. Saa inapima mapigo. Kalori haizipimi, inazikadiria. Inachukua mapigo, inachanganya na umri, jinsia na uzito ulioandika kwenye simu, pengine na kutikisika kwa mkono wako, halafu inapiga hesabu. Kampuni nyingi hazitangazi hesabu zao ni zipi.

Msingi wa hesabu hizo unaeleweka. Misuli ikifanya kazi inahitaji oksijeni, na oksijeni inaletwa na damu. Kila lita ya oksijeni ambayo mwili unatumia inalingana na takriban kalori 5. Kazi ikiongezeka, oksijeni inahitajika zaidi, na moyo unapiga haraka zaidi ili kuipeleka. Kwa hiyo ukijua mapigo, unaweza kukisia oksijeni, na ukikisia oksijeni, unaweza kukisia kalori. Ni makisio juu ya makisio.

Mfano mmoja uliochapishwa wazi ni kanuni ya mwaka 2005 iliyotoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, na wenzao. Waliwapima watu 115 waliozoea mazoezi, wa umri wa miaka 18 hadi 45, wakiwa kwenye mashine ya kukimbilia au baiskeli ya mazoezi. Tukimchukua mwanamke wa miaka 45, kilo 60, mwenye mapigo 125 kwa dakika, kanuni hiyo inatoa karibu kalori 7.5 kwa dakika. Kwa saa mbili, zinafika karibu 900. Kumbe namba ya yule mama haikutoka hewani. Inaweza kupatikana kwa hesabu ya kawaida kabisa.

Lakini kanuni hiyo haikutengenezwa shambani. Haijui jembe, haijui jua, haijui mtoto aliye mgongoni.

Ilipopimwa, ilionekanaje?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la vifaa saba vya kuvaa mkononi, zikiwemo saa za kampuni kubwa kama Apple, Samsung na Fitbit. Watu 60 walivaa vifaa hivyo wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli. Wakati huohuo mapigo yao yalisomwa kwa kipimo cha umeme wa moyo, na pumzi zao zilipimwa ili kujua oksijeni waliyotumia.

Kwa mapigo ya moyo, vifaa sita kati ya saba vilikosea kwa chini ya asilimia 5. Hilo si baya. Kwa kalori hali ilikuwa nyingine kabisa. Kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na kilichofanya vibaya zaidi kilikosea kwa asilimia 93.

Turudi kwenye zile 900. Kama saa imekosea kwa asilimia 27, ukweli unaweza kuwa karibu kalori 700, au ukawa zaidi ya 1,200, kutegemea imezidisha au imepunguza. Kama saa imezidisha kwa asilimia 93, ukweli ni chini ya 500. Na hizo zilikuwa saa za bei kubwa, kwenye chumba cha utafiti, wasimamizi wakiwa pembeni. Saa mpya zimeboreshwa tangu hapo, ila njia yenyewe ya kukisia haijabadilika.

Na rangi ya ngozi? Swali hili linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga wa kijani. Utafiti wa Stanford ulikuta makosa yakiwa makubwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2020 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, ukapima mapigo kwa watu 53 wa rangi mbalimbali na haukukuta tofauti ya maana kati ya rangi na rangi. Ulichokuta ni tofauti kati ya saa na saa, na kwamba makosa huongezeka mtu anapokuwa kwenye shughuli kuliko anapotulia. Kwa hiyo usikubali muuzaji akwambie kwamba saa yake haikosei kwa mtu yeyote, na pia usiamini kwamba hizi saa hazifanyi kazi kabisa kwa mtu mweusi.

Mambo yanayoidanganya saa huku kwetu

Jua na kiu. Ukilima saa sita mchana bila kunywa maji, moyo unapiga haraka zaidi kwa sababu unapeleka damu kwenye ngozi ili kukupoza. Kazi ni ileile, mapigo yamepanda. Kwa yule mama wa mfano wetu, mapigo 10 ya ziada kwa saa mbili yanaongeza karibu kalori 130 kwenye hesabu ya kanuni tuliyoitaja, hata kama hakupalilia tuta moja zaidi.

Hofu na furaha. Chukua kijana wa miaka 30, kilo 70, anayesikiliza nusu ya mechi ya Simba na Yanga redioni. Amekaa kwenye kigoda, mapigo yamefika 100. Kanuni ileile inampa kalori 300 kwa dakika 45. Ukweli wa mtu aliyekaa ni kama 55 hivi. Saa nzuri zinaangalia pia kama mwili unatembea, hivyo hazidanganyiki kirahisi namna hiyo. Za bei ya chini zinaweza kudanganyika.

Barabara mbovu. Saa inahesabu hatua kwa kuhisi mtikisiko wa mkono. Pikipiki kwenye barabara ya makorongo inatikisa mkono. Kijana wetu wa bodaboda ana hatua ambazo hakuzitembea, na pengine na kalori ambazo hakuzichoma.

Mzigo. Hili linakwenda upande wa pili. Mama akibeba ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20. Saa haijui. Akiishika ndoo kwa mkono uliovaa saa, mkono haupepei, na baadhi ya hatua hazihesabiwi. Hali ni hiyohiyo kwa anayesukuma baiskeli yenye magunia ya vitunguu kutoka Mang'ola. Mapigo yatapanda na kufidia sehemu ya hesabu, lakini uzito ulioandikwa kwenye simu ni wa mwili peke yake.

Dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za moyo, kama atenolol na propranolol, hupunguza kasi ya mapigo. Mtu anayezitumia anaweza kufanya kazi ya kutoa jasho huku saa ikiona mapigo ya mtu anayetembea taratibu.

Ujauzito na kunyonyesha. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake katika miezi sita ya kwanza anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku ili kutengeneza maziwa. Saa haizioni hizo. Mama huyo akiifuata programu ya simu inayomwambia ale kidogo, atakayepungukiwa ni yeye mwenyewe, na maziwa yake yanategemea mwili wake.

Funzo kutoka Ziwa Eyasi

Moja ya tafiti zinazotajwa sana duniani kuhusu kalori lilifanyika hapahapa jirani, kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, wanaojipatia chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali.

Mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitaka kujua Mhadzabe anatumia kalori ngapi kwa siku. Hawakutumia saa. Walitumia njia inayohesabiwa kuwa sahihi kuliko zote kwa maisha ya kila siku: mtu anakunywa maji maalumu ambayo hidrojeni na oksijeni zake zimewekewa alama, halafu mkojo wake unapimwa kwa siku kadhaa kuona alama hizo zinapungua kwa kasi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Wanaume walikuwa wanatembea karibu kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu kilomita 6. Kila mtu angetegemea wawe wanatumia kalori nyingi mno.

Haikuwa hivyo. Wanaume walitumia karibu kalori 2,600 kwa siku na wanawake karibu 1,900. Ukizingatia ukubwa wa mwili, hawakuwa tofauti na watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa ofisini. Pontzer anaeleza kwamba mwili una bajeti: ukitumia zaidi kwenye kutembea, baada ya muda unabana matumizi mahali pengine. Wapo wanasayansi wanaobishana naye juu ya ukubwa wa jambo hilo, lakini vipimo vya Wahadzabe vipo.

Maana yake kwetu ni kwamba huwezi kuchukua kalori za kazi ya leo ukazijumlisha juu ya za siku nzima kama unavyojumlisha bei dukani. Hata saa ikipatia saa mbili za palizi, bado haijui mwili utabana nini usiku.

Baadaye watafiti walirudi kwa Wahadzabe, safari hii na vipimo vya mapigo ya moyo. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa wastani walikuwa kwenye shughuli ya wastani au nzito kwa dakika 135 kwa siku, na shinikizo la juu la damu lilikuwa nadra kwao hata uzeeni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki nzima. Mhadzabe anakaribia kiwango cha chini cha wiki kwa siku moja.

Weka matokeo hayo mawili pamoja. Kazi ya mwili haikuwapa Wahadzabe matumizi makubwa ya kalori, lakini inaendana na mioyo yenye afya. Faida ya kutembea na kulima haipimwi kwa kalori peke yake.

Basi saa ina kazi gani?

Inafaa kukulinganisha wewe na wewe. Kama mwezi uliopita kupanda kilima cha kwenda kisimani kulikupa mapigo 140 na sasa kunakupa 125 kwa mwendo uleule, moyo wako umeimarika. Hapo huhitaji kalori.

Inafaa pia kuangalia mapigo ya mapumziko. Yasome asubuhi kabla hujainuka kitandani. Kwa watu wazima wengi huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yakizidi 100 siku baada ya siku ukiwa umepumzika, au yakiwa yanarukaruka, au una kizunguzungu na maumivu ya kifua, nenda kituo cha afya. Usingoje saa ikuambie zaidi.

Asiye na saa hajakosa kitu kikubwa. Weka vidole viwili kwenye kiganja chini ya dole gumba, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Na wakati wa kazi kuna kipimo cha bure: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni shughuli ya wastani. Ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, hiyo ni nzito.

Kama unayo saa, ivae juu kidogo ya mfupa wa kiganja, ikaze kiasi isicheze, na usafishe kioo cha nyuma kwa kuwa vumbi na jasho huziba mwanga. Andika uzito wako wa kweli, uliopimwa kliniki, usiache namba iliyokuja na simu. Kuna watu wanavaa saa inayodhani wao ni wanaume wa kilo 70.

Na kama unataka kununua, jihadhari na saa inayodaiwa kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe namna hiyo, na kwamba kipimo cha uongo kinaweza kumfanya mgonjwa akosee dozi. Bei ya saa kama hiyo unaweza kuiweka kwenye vijiti vya kipimo halisi.

Tumalizie na maswali yetu. Mama wa kalori 900: kwa kazi ya saa mbili shambani umefanya kazi kubwa, kula chakula chako cha kawaida ukishibe, na kunywa maji. Kijana wa bodaboda: hatua za kwenye pikipiki si zako, shuka utembee kidogo kila siku. Mzee wetu, shikamoo. Kazi ya shamba kweli hushusha sukari, ndiyo maana ukitumia insulini au vidonge uwe na kitu cha sukari mfukoni unapokwenda kulima. Ila kiasi cha dawa kinapangwa na mhudumu wako kliniki kwa kipimo cha damu. Siku ya kliniki nenda na saa yako ukipenda, umweleze unafanya kazi gani na kwa muda gani kila siku. Maelezo hayo yatamsaidia kuliko zile kalori.